Kinyonga wa gramu 80, bili ya ndama

MHARIRI,

Mwenye kinyonga akikabidhiwa bili ya matibabu ya mapafu huuliza swali lile lile: vipi mnyama wa gramu 80 agharimu kama ndama? Swali ni la haki. Sisi tunaotibu wanyama wa aina hii kati ya Nakuru na Kisumu tunaona linajibiwa vibaya. Mteja huondoka akiamini ameibiwa, na kliniki nyingi humpa karatasi yenye jumla moja tu chini, bila kumwonyesha pesa zimeendea nini. Dawa yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula pesa ni kuchelewa, vipimo na safari za kurudi kliniki, na katika hayo matatu, kuchelewa na safari mwenye mnyama anaweza kuzipunguza yeye mwenyewe.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Kinyonga ni mnyamapori, hata yule aliyeokotwa kwenye ua wa jirani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) kabla ya kumfuga, na biashara ya vinyonga kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Barua hii inawahusu wenye vibali: wafugaji waliosajiliwa, shule na watafiti. Aliyeokota kinyonga mgonjwa barabarani asimpeleke nyumbani kumtibu. Ampigie simu KWS, ambao wapo Nakuru kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru na Kisumu kwenye hifadhi ya Impala.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kinyonga hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi, kwa hiyo hawezi kukohoa akatoa uchafu. Mapafu yake ni kama mifuko, na katika spishi nyingi yana vijimfuko vinavyoning'inia hadi tumboni. Kamasi ikiingia huko inakaa. Halafu usaha wa wanyama wa jamii hii hauwi majimaji. Huganda ukawa mzito kama jibini, na dawa hupenya humo kwa shida. Ndiyo maana nimonia ya kinyonga huchukua wiki tatu hadi sita kupona. Anayeahidiwa kupona kwa sindano moja anadanganywa.

Kinyonga pia huficha ugonjwa. Porini, anayeonekana dhaifu huliwa. Kufikia siku anapoacha kula na kufumba macho mchana, ugonjwa una siku nyingi. Kwa hiyo dalili za mapema zina thamani ya pesa taslimu, na baadhi yazo huchanganywa na mambo ya kawaida.

Mdomo wazi ni mojawapo. Kinyonga aliyepata joto kupita kiasi hupanua mdomo ili apoe, na anayekuogopa hupanua mdomo akutishe. Mtazame ukiwa mbali, bila yeye kukuona. Zima balbu au msogeze kivulini; akifunga mdomo baada ya kupoa, shida ilikuwa joto. Akiendelea kuupanua akiwa ametulia na amepoa, hasa akiinua kichwa juu kama anayetafuta hewa, hilo ni la daktari siku hiyo hiyo. Jambo la pili ni ule ungaunga mweupe mkavu kwenye pua. Hiyo ni chumvi, mwili unaitoa kwa njia ya pua, na haihitaji dawa. Kamasi ya ugonjwa huwa na unyevu, hunata, hutoa povu, na wakati mwingine huonekana ikivutika kama uzi ndani ya mdomo. Tunawapokea wengi walioletwa kwa sababu ya chumvi, na wachache mno walioletwa siku ya kwanza ya povu. Ongeza hapo sauti ya kupasuka-pasuka anapovuta pumzi, macho yaliyozama kwa kukosa maji, na miguu isiyoshika kijiti sawasawa.

Kifaa kimoja kinachogundua ugonjwa kabla ya dalili hizi zote ni mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Pima kila wiki, asubuhi, kabla hajala, ukiandika tarehe. Kinyonga wa gramu 80 aliyepoteza gramu 8 amepoteza asilimia 10 ya mwili wake, na hapo hungoji dalili nyingine. Isipokuwa tu jike aliyetoka kutaga au kuzaa. Daktari akipewa daftari hilo la uzito hahitaji kubahatisha ugonjwa ulianza lini.

Unapofika kliniki, bili huwa na mafungu haya: kumwona daktari, kipimo cha choo, sampuli ya kamasi ya kuotesha vijidudu, picha ya eksirei, maji ya kumwongezea, dawa, na marudio. Si yote lazima siku moja. Mtu mwenye pesa kidogo anastahili kuambiwa lipi lisubiri na lipi lisisubiri, na sisi tungepanga hivi.

Kipimo cha choo kisisubiri. Ni cha bei nafuu kuliko vyote, na mhudumu yeyote wa maabara anayepima kinyesi cha ndama kwa darubini anaweza kukifanya. Kinyonga aliyetoka porini, au mzazi wake alitoka porini, anaweza kuwa na minyoo ya mapafu. Viluwiluwi vyake hupanda hadi kooni, humezwa, na hutoka kwenye choo. Kumchoma antibiotiki mwezi mzima mnyama mwenye minyoo ni kutupa pesa. Chukua choo kibichi cha siku hiyo, kiweke kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko, ukiweke kwenye friji sehemu isiyogandisha, na ukifikishe ndani ya saa 24. Choo kilichokaukia chini ya kizimba hakifai.

Sampuli ya kamasi ndiyo inayozua ubishi, kwa kuwa ni ghali na majibu huchukua siku kadhaa. Hata hivyo ndiyo inayokuambia dawa ipi itafanya kazi. Bakteria wanaopatikana sana kwenye mapafu ya vinyonga, kama Pseudomonas na Klebsiella, ni sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Kanuni ni moja: sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Ikichukuliwa baada ya siku tatu za dawa, maabara inaweza isioteshe chochote, na bado utalipa. Kama pesa hazitoshi, daktari anaweza kuanza na dawa anayoiamini kwa uzoefu na kuweka kipimo hiki akiba. Hapo lakini mteja aambiwe wazi kwamba ni kubahatisha kwa akili. Kanda hii ina maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo Nakuru, na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kuna kitivo cha udaktari wa wanyama. Uliza kliniki yako inapeleka wapi sampuli kabla ya kukubali isafirishwe hadi maabara za Kabete karibu na Nairobi.

Eksirei ndiyo ya kusubiri. Kwa mnyama mdogo hivi, picha ya kumlaza kifudifudi huonyesha kidogo sana. Inayosaidia ni ya ubavu, mnyama akiwa amesimama kwenye kijiti na mwale ukipita mlalo, na si kila mashine ya kupigia picha mbwa inageuzika hivyo. Ikiwa haigeuziki, usilipie.

Tuje kwenye dawa, kwa kuwa hapa ndipo hesabu inashangaza watu. Dawa inayotumika sana kwa nimonia ya vinyonga ni seftazidimu, inayouzwa kwenye famasia za binadamu kama unga kwenye kichupa cha gramu 1. Dozi ya kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, sindano moja kila baada ya saa 72. Kinyonga wa gramu 80 anahitaji basi miligramu 1.6. Akipata sindano nane, siku ya kwanza hadi siku ya 22, jumla ni miligramu 12.8. Kichupa kina miligramu 1,000. Zaidi ya asilimia 98 ya dawa uliyolipia inabaki!

Ikishachanganywa na maji, dawa hii haidumu. Kwenye friji huhesabiwa siku saba hivi. Lakini ikigawanywa kwenye sirinji na kugandishwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hudumu miezi mingi. Kliniki yenye friza ingeweza kugawa kichupa kimoja kwa wagonjwa kadhaa na kumtoza kila mmoja sehemu yake. Ni jambo dogo, na linatuudhi kwamba kliniki nyingi bado zinamwandikia kila mteja kichupa kizima. Mteja ana haki ya kuuliza: mnaweza kunigawia? Akigawiwa, sirinji zikae ndani ya friza, zitolewe moja moja, ziyeyuke kwa joto la mkononi, na iliyoyeyuka isigandishwe tena. Stima ikipotea hadi zikayeyuka zote, zihamishiwe kwenye friji na daktari aarifiwe, maana dozi zitakazopita wiki itabidi zitengenezwe upya.

Upimaji nao una mtego. Unga wa gramu 1 ukichanganywa hadi ujazo ufike mililita 10, kila mililita ina miligramu 100. Dozi ya kinyonga wetu ingekuwa mililita 0.016, tone ambalo hakuna sirinji ya kawaida inayoweza kulipima. Lazima dawa ichujuliwe mara ya pili: mililita 1 ya mchanganyiko ule iongezewe mililita 9 za maji safi ya sindano, ipatikane miligramu 10 kwa mililita. Hapo dozi ni mililita 0.16, yaani alama ya 16 kwenye sirinji ya insulini ya alama 100. Sirinji ya insulini inafaa pia kwa sababu sindano yake ni nyembamba na haibakizi dawa shingoni. Anayeruka hatua hii ya pili humpa mnyama dozi mara kumi.

Sindano ichomwe sehemu ya mbele ya mwili, kwenye msuli wa mkono wa juu au chini ya ngozi ya bega, ikibadilishana kushoto na kulia. Damu ya sehemu ya nyuma inaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka mwilini, na madaktari wengi huepuka kuchoma huko. Mwenye mnyama anaweza kufundishwa kufanya hivyo nyumbani kwa dakika chache, mbele ya daktari, akianza kwa maji ya chumvi tu. Hapo ndipo pesa nyingi huokolewa: kati ya sindano nane, ya kwanza peke yake ndiyo inayolazimu kliniki, pamoja na marudio ya katikati na ya mwisho ya kupima uzito. Daktari anayekuita kila siku tatu kwa sindano ya sekunde tano, na kukutoza ada kamili ya kuonwa kila safari, aombwe akufundishe.

Maji mwilini huja kabla ya dawa. Kinyonga aliyekauka figo zake ziko hatarini, na kamasi yake huwa nzito zaidi. Kwa kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku, yaani mililita 0.8 hadi 1.6 kwa mnyama wa gramu 80, yakiwa vuguvugu, chini ya ngozi ya ubavu. Akiwa na nguvu za kulamba, mnyunyizie majani polepole kwa dakika kumi.

Na sasa agroveti. Hapa hatuna upole. Anayetaka kukwepa bili hununua kichupa cha enrofloksasini ya kuku, ile ya asilimia 10 ya kuchanganya kwenye maji, akampa kinyonga "tone moja tu." Tone ni takriban mililita 0.05, na ndani yake mna miligramu 5. Dozi ya juu ya kinyonga wa gramu 80 ni miligramu 0.8. Tone moja ni zaidi ya mara sita ya kiasi hicho, tena dawa hiyo ni kali na huunguza utando wa mdomo. Kinyonga mwenye vidonda mdomoni haufyatui ulimi, na asiyeufyatua hali. Wengine huweka unga wa oksitetrasaiklini kwenye bakuli la maji. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yanayotiririka kwenye majani, kwa hiyo dawa inabaki bakulini na bakteria wanabaki mapafuni. Gentamisini nayo huharibu figo za mnyama aliyekauka, na wanaoletwa baada ya dawa hizi hugharimu maradufu kwa kuwa sasa kuna magonjwa mawili. Mvuke wa dawa ya mafua yenye mentholi usimkaribie kabisa.

Dawa haifanyi kazi kwenye mwili baridi. Kinyonga hutegemea joto la nje ili kinga yake iamke. Kinyonga wa Jackson, yule wa pembe tatu anayetoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare, akiwa mzima hupenda nyuzi 21 hadi 27 mchana na huvumilia usiku wa baridi sana. Akiugua, mchana uwe karibu na nyuzi 27, na usiku usiachwe ushuke chini ya 20 hivi hadi apone. Usiku wa Julai Nakuru hukaribia nyuzi 10, kwa hiyo chumba kisicho na chanzo cha joto hakifai kwa mgonjwa. Balbu ya joto isiyo na mwanga au kifaa cha kauri, nje ya wavu, kikiwa na kipimajoto kwenye kijiti anacholalia, kinatosha. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa leso hushika joto saa chache. Kisumu tatizo hugeuka: joto la mchana hupita nyuzi 30, kinyonga wa nyanda za juu huhema, na mwenyewe humnyunyizia maji mchana kutwa ili apoe.

Unyunyizaji huo wa mchana kutwa ndio unaoanzisha magonjwa mengi tunayoyaona kando ya ziwa. Majani lazima yakauke kati ya kunyunyiziwa na kunyunyiziwa. Asubuhi na jioni zinatosha, na kizimba kiwe cha wavu pande zote, si kioo wala ndoo ya plastiki. Wavu wa kuanikia kahawa, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ni imara na hewa hupita. Fremu ya sentimita 60 kwa 60, kimo 120, ni ya kinyonga mmoja. Mmoja, tunarudia: wawili wakiwekwa pamoja husumbuana, na msongo huo hushusha kinga.

Kizimba kisikae jikoni. Moshi wa jiko la makaa huwasha utando wa mapafu, na dawa za kupulizia mbu zinaweza kumuua kinyonga bila hata bakteria kuhusika. Kizimba kikitolewa nje kwenye jua la asubuhi, nusu kikiwa kivulini, kwa nusu saa, anapata mwanga wa UVB (miale ya urujuanimno) bila malipo; jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halina huo mwanga. Upungufu wa vitamini A nao hudhoofisha utando wa njia ya hewa na kope, na kinyonga anayelishwa nyenje wenye njaa kila siku huupata. Walishe nyenje sukuma wiki na karoti siku nzima kabla ya kumpa. Nyongeza ya vitamini A yenyewe aipime daktari, kwani ikizidi ni sumu.

Kwa walio Bungoma, Busia au Kakamega, nauli ni sehemu ya bili. Kabla ya kusafiri, tuma video ya sekunde 30 ikionyesha mnyama akipumua, picha ya kizimba kizima, joto la kijiti na uzito wa wiki nne. Mara nyingi hiyo inaokoa safari moja. Ukisafiri, tumia katoni yenye matundu na kijiti kilichofungwa imara, giza ndani, na kitambaa chenye unyevu kidogo chini. Isiwekwe juu ya dashibodi ya matatu, na mnyama asitumwe kama parseli.

Wenzetu wa kliniki tunawaomba mawili. Andikeni bili kwa mafungu. Na kama hamjawahi kumchoma kinyonga sindano, semeni hivyo mapema na mumwelekeze mteja kwingine kabla ya kumtoza. Mteja naye aulize usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Hakuna anayestahili kukasirishwa na swali hilo.

Wako wanaokufa pamoja na hayo yote. Mwenye vinyonga wengine afanyishe uchunguzi wa maiti, kwa sababu ndiyo njia nafuu ya kujua kama waliobaki wana minyoo, kuvu au bakteria. Maiti ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, iwekwe kwenye friji na si friza, maana kugandisha hupasua seli, na ifikishwe maabara ndani ya saa 24. Vaa glavu na unawe kwa sabuni baadaye. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Wahudumu wa afya ya wanyama,
Nakuru na Kisumu